Tamko Halina Kasma

Tarehe 22 Juni 2017, Rais John Magufuli akiwa Chalinze alisema kwamba katika utawala wake mwanafunzi atakayepata mimba hatarudi shule. Tarehe 24 Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alisimama Dodoma akatangaza kinyume chake: waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Kati ya siku hizo mbili ilipita miaka minne na miezi mitano. Bunge halikutunga sheria ya kumzuia binti aliyepata mimba, wala halikutunga ya kumrudisha. Kama alikuwa binti wa kata ya Mtanda, Lindi, aliyeshika mimba kidato cha pili, hakusubiri sheria ibadilike. Alisubiri rais abadilike.

Katikati ya miaka hiyo likaja tamko jingine. Septemba 2018, Meatu mkoani Simiyu, rais yuleyule aliwaambia wananchi waachane na uzazi wa mpango, akisema wanaopanga ni wavivu wanaoogopa kazi ya kulisha watoto. Haukupita muda mrefu, matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa redioni na kwenye televisheni. Lakini kliniki hazikufungwa. Sindano ziliendelea kuchomwa na vijiti viliendelea kuwekwa, kwa sababu huduma hiyo ilikuwa na vitu ambavyo hotuba haivifuti kwa siku moja: muuguzi aliyefundishwa kazi, rafu yenye dawa, na fedha ya kuijaza rafu ikipungua.

Hapo ndipo ulipo ushauri wangu wote kwa wanawake wa Mtanda na kata jirani za Manispaa ya Lindi, na kwa waume na kaka zao wanaosoma haya. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, wengi wanauliza tufanyeje ili haki zetu za uzazi zisiishie jukwaani. Nasema: tukilipata tamko zuri tushukuru, kisha tuulize liko wapi kwenye bajeti. Jambo lisilo na kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, halifiki dirisha la dawa.

Na tusijidharau. Mkoa wetu wa Lindi kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa ile inayoongoza nchini kwa kutumia njia za kisasa za kupanga uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya mama na mtoto wa 2015-16 ulikuta takribani nusu ya wanawake walioolewa Lindi wanatumia njia hizo, wakati mwaka 2022 wastani wa nchi nzima ulikuwa bado asilimia 31. Mwanamke wa hapa hahitaji kuelezwa faida za kupishanisha watoto. Anahitaji akifika kituoni aikute dawa.

Watu wapya, mafaili yaleyale

Rais Samia Suluhu Hassan si mgeni: alishika nchi Machi 2021 baada ya kifo cha Magufuli, na akaapishwa tena Dodoma tarehe 3 Novemba 2025. Wapya ni Waziri Mkuu, Mwigulu Nchemba, mawaziri walioteuliwa baada yake, na wabunge na madiwani walioingia kwa uchaguzi wa 29 Oktoba. Wenyeviti wa mitaa wao walichaguliwa Novemba 2024, kwa hiyo wameshaizoea kidogo kazi.

Wasiobadilika ni watumishi. Mganga Mkuu wa Manispaa, mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, mfamasia, mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa wapo kabla ya uchaguzi na wapo baada yake. Kwa hiyo usiende na lugha moja kwa wote. Diwani mpya anatafuta jambo la kuonyesha kabla watu hawajamchoka. Mpe jambo hilo. Mtumishi anatafuta karatasi ya kumkinga mbele ya mkaguzi; mpe karatasi. Ukimlilia mtumishi bila barua atakuhurumia tu, na ukimpa diwani barua ya kurasa nne ataikunja aiweke mfukoni.

Kuna silaha nyingine uitumie bila haya. Februari 2025, Rais Samia alitunukiwa tuzo ya Goalkeepers na Gates Foundation, kwa Tanzania kupunguza vifo vya akina mama kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za 2015-16 na 2022. Serikali inajivunia takwimu hiyo, na anachojivunia mtu ni rahisi kumkumbusha. Sema kikaoni: tunataka hapa kwetu nako tuisaidie nchi kuilinda sifa hiyo, na kituo chetu kinapungukiwa na hiki na hiki. Hakuna kiongozi atakayesimama kuipinga.

Chagua jambo moja linalohesabika

Haki za uzazi ni pana. Zimo ndani yake dawa za kupanga uzazi, kujifungua salama, umri wa kuolewa, shule kwa mama mdogo, matibabu ya aliyebakwa, likizo ya siku 84 kwa mfanyakazi aliyejifungua. Ukiingia kwenye mkutano wa mtaa ukasema tunataka haki za uzazi, mwenyekiti atakushukuru, katibu ataandika kwamba hoja imepokelewa, na mambo yataishia kwenye muhtasari. Chukua kipande kimoja ukishike mpaka kipate tarehe na kiasi.

Tuseme mama wa watoto watatu, mkazi wa Mtanda, analima ufuta nje ya mji. Anatumia sindano ya miezi mitatu. Ya Februari alichomwa kwa wakati wake, inayofuata inaangukia Mei, na Mei ndiyo ufuta unaanza kukatwa. Amehamia shamba na watoto wawili, analala dunguni, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi mjini inalingana na kibarua cha siku nzima. Anasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo kuna kupiga ufuta, inayofuata kuna foleni ya ghala la chama cha msingi. Anarudi mjini Julai akiwa na fedha ya mnada na ujauzito ambao hakuupanga.

Mama huyu hakukosa elimu, wala kituo hakikukosa dawa. Kilichokosekana ni muuguzi kumfuata alipo, na watu wa afya wana jina la kazi hiyo: huduma za mkoba. Kwa hiyo ombi lenu lisiwe "uzazi wa mpango uboreshwe". Liwe hivi: muuguzi mmoja mwenye sindano, vijiti na vidonge vya majira afike mashambani mara moja kila mwezi, kuanzia Aprili hadi Julai, siku itakayotangazwa msikitini, kanisani na kwenye chama cha msingi. Ombi hilo gharama yake inajulikana: mafuta, posho ya siku, boksi la kubebea. Mhasibu anaweza kuliandika.

Au chukua usafiri wa mama mwenye uchungu. Anayeishi Kitunda, ng'ambo ya ghuba, anauona mji wa Lindi mbele yake, lakini usiku kati yake na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine kuna maji. Mfumo wa m-mama, ambao Rais Samia aliuzindua kitaifa Aprili 2022, unapigiwa namba 115 bila malipo na hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Swali la kumuuliza mratibu ni jepesi: kwa upande wa ng'ambo, nani amesajiliwa, ana boti au hana, na nani anamlipa mafuta saa nane za usiku?

Jambo mtakalochagua lifungulieni daftari. Andikeni tarehe, kituo, huduma iliyokosekana, mama aliambiwa nini, na kama alitoa fedha ni kiasi gani na alipewa risiti au hakupewa. Sera ya Afya ya 2007 inaelekeza huduma kwa wajawazito zitolewe bila malipo katika vituo vya umma, hivyo kila glovu iliyonunuliwa duka la dawa ni mstari wa daftari hilo. Jina la mama lisiandikwe. Mistari ishirini ya namna hiyo ina uzito kuliko hotuba, maana msikilizaji hawezi kusema kuwa ni maneno ya mitaani.

Ujue mwezi wa kusema

Waswahili husema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na kwenye bajeti ndiyo hasa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, lakini fedha yake hugawanywa mapema zaidi. Vituo na idara huandaa mipango yao kuelekea mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa unaofuata, baraza la madiwani huijadili bajeti ya halmashauri mnamo Februari na Machi, na Bunge hukaa Aprili hadi Juni. Ukileta ombi lako Mei utaambiwa subiri mwakani, na aliyekuambia hatakuwa amekudanganya.

Mlango wa kwanza ni Kamati ya Usimamizi wa Kituo. Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kina kamati hiyo, na ndani yake wamo wananchi wa kawaida. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ndiyo inayopitia mpango na matumizi. Yaani mafuta ya mkoba yanaweza kuamuliwa na watu mnaokutana nao sokoni. Waulize majirani wangapi wanawajua wajumbe hao kwa majina. Nenda kituoni ukaulize, kisha uende kwa mjumbe nyumbani kwake na daftari lenu, kabla kikao chao hakijaitwa. Nafasi ya ujumbe ikiwa wazi, msimamisheni mwanamke anayejua kusoma leja asiyeona aibu kuuliza.

Mlango wa pili ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Hoja iliyopitishwa kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa hupanda hapo ikiwa na muhtasari uliosainiwa, na muhtasari ndio nauli yake. Hakikisheni katibu ameandika ombi lenu kama lilivyosemwa, na kiasi chake, kabla hamjatoka.

Mlango wa tatu ni baraza la madiwani lenyewe. Vikao vyake vya kila robo mwaka ni vya wazi kwa wananchi kuketi na kusikiliza. Hamtaruhusiwa kusema, lakini wanawake kumi waliokaa kimya kwenye viti vya wageni siku ya hoja ya afya huonekana. Wakumbukeni na madiwani wa viti maalumu. Wengi wao hawaalikwi mahali ila kufungua vikundi vya mikopo. Mpelekeeni mmoja hoja iliyokamilika, yenye tarakimu, na mwambieni itakuwa yake.

Barua yenye mhuri

Kabla ya kuomba, pateni taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua iwe ukurasa mmoja, kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia kwa mganga mfawidhi wa kituo chenu. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Sisi wakazi wa mtaa wa ......, Kata ya Mtanda, kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, tunaomba kufahamishwa yafuatayo. Moja, kati ya Julai na Desemba, ni siku ngapi sindano, vijiti, vitanzi na vidonge vya majira vilikosekana kituoni. Mbili, kituo kiliagiza kiasi gani cha kila kimoja na kikapokea kiasi gani. Tatu, ni fedha kiasi gani imetengwa kwa ajili ya huduma za mkoba katika mwaka huu wa fedha, na iliyokwisha kutumika ni kiasi gani. Hatuombi taarifa ya mgonjwa yeyote."

Swali la pili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Kituo kikiagiza mia kikapokea arobaini, tatizo liko juu, Bohari ya Dawa au kwingineko, na mganga mfawidhi atakuwa upande wenu kwa sababu mnasema kilio chake. Kikiwa kiliagiza arobaini wakati wahitaji ni mia, tatizo liko kwenye makadirio, na hilo linarekebishwa hapohapo kituoni bila shilingi ya ziada.

Nendeni masjala na nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wagonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani. Karani wa masjala akikwambia mhuri hauhitajiki, mwambie kwa adabu kuwa kikundi kimekutuma na lazima uoneshe ulikofika. Barua isiyo na mhuri ni stori. Siku ya thelathini ikipita kimya, andikeni ya pili, mkitaja tarehe ya ile ya kwanza, nakala kwa diwani.

Kungwi, shehe, na wanaume wa chama cha msingi

Huku kwetu unyago bado upo, na mara nyingi binti huambiwa amekua hata kabla hajavunja ungo. Watu wa semina wameulaumu sana, lakini mwisho wa siku kungwi ana kitu ambacho muuguzi hana: wasichana wote wa mtaa wakiwa wamekaa mbele yake, wakimsikiliza. Usimwendee na mabango. Mwendee na shikamoo, kaa naye mkekani, muombe mambo matatu. Ngoma iwekwe wakati wa likizo, ili mtoto asikose darasa. Mtoto ambaye hajavunja ungo asubiri. Na kwenye mafunzo aongeze somo la jinsi mimba inavyoingia, na mahali pa kukimbilia binti akiingiliwa kwa nguvu. Wapo makungwi ambao ni mabibi waliozika wajukuu waliojifungua wakiwa wadogo. Hawahitaji kufundishwa hatari hiyo; wanahitaji kuheshimiwa kama walimu.

Kwa mashehe, anzieni pale wanapopajua. Kunyonyesha miaka miwili kamili ni mafundisho ya Kurani, na kumwaga nje ili kuepuka mimba kulikuwapo zama za masahaba na maulamaa wamekujadili kwa karne nyingi. Anayesikia kupishanisha watoto kwa ajili ya afya ya mama na haki ya mtoto kunyonya huwa na mengi ya kuchangia. Anayesikia kupunguza idadi ya Waislamu hufunga mlango, na hamtamlaumu. Neno mtakaloingia nalo ndilo litakaloamua mtapewa dakika tano baada ya sala au la.

Wanaume mtawapata kwenye mikutano ya chama cha msingi, msimu wa ufuta na wa korosho. Wakati wa kusubiri malipo ya stakabadhi ghalani, mwanamume ana nafasi ya kusikiliza na ana sababu ya kuhesabu. Mpe mkulima mwenzake asimame aeleze ilivyomgharimu mkewe alipokwenda leba watoto wakiwa wameachana mwaka mmoja. Huyo atasikilizwa kuliko mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Na muuguzi msimfanye adui. Mara nyingi yuko peke yake zamu, ana leba, ana kliniki, ana wagonjwa wa nje, na leja za kujaza. Mtu aliyetukanwa na wananchi Jumatatu hawezi kuwafungulia leja Jumanne. Akikosea, pelekeni kwa mganga mfawidhi kosa lenyewe, tarehe na saa. Akidai rushwa, TAKUKURU wana namba 113 na Wizara ya Afya ina 199.

Penye miba, ijue sheria

Kuna mambo yanayoogopwa kusemwa, na anayeyasema bila kuijua sheria huwatia wenzake matatani.

La kwanza ni shule. Ruhusa ya 2021 iliwekwa kwenye Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo. Mkuu wa shule akimkatalia binti, mzazi aombe sababu kwa maandishi kisha apande kwa Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa na nakala ya waraka mkononi. Mwaka 2022, Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ilikwishaamua kwamba kuwapima wanafunzi ujauzito kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki za watoto wa Tanzania. Hata hivyo waraka hufutwa kwa waraka. Swali la kumwekea mbunge wenu ni kama atasimama bungeni kuomba haki hiyo iingie kwenye Sheria ya Elimu yenyewe.

La pili ni umri wa kuolewa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative aliipinga mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali na kubaki na umri wa miaka 18 kwa wote. Bunge la 12 lilimaliza muda wake mwaka 2025 bila kuirekebisha sheria. Bunge jipya limeurithi mzigo huo, na mbunge hawezi kusema hana habari ikiwa ninyi mmemwandikia. Wakati huohuo mjue kwamba mwanafunzi analindwa tayari: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30.

La tatu ni aliyebakwa. Afike hospitali ndani ya saa 72, kwa maana dawa za kuzuia VVU hazifanyi kazi baada ya hapo, na za kuzuia mimba hufaa zaidi kadiri zinavyowahi. Asioge, nguo alizovaa zihifadhiwe. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri karatasi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya mtoto ni 116, haina malipo. Muulizeni mtendaji wa kata kama kamati ya MTAKUWWA, yaani ya mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, inakaa, na mara ya mwisho ilikaa lini.

La nne ni mimba kutolewa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150 hadi 152, inaifanya kuwa jinai: hadi miaka 14 kwa anayeitoa, hadi saba kwa mwanamke mwenyewe. Kifungu cha 230 kinamlinda daktari aliyefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, ambayo ibara yake ya 14 inakwenda mbali zaidi na kutaja ubakaji na maharimu, ila mlango huo haujafunguliwa na sheria za ndani. Anayetaka sheria ibadilike ana haki ya kusema hivyo kwa mbunge wake, wala kusema si kosa. Lakini mtaani, jambo la kushikilia leo ni hili: mwanamke anayevuja damu, mimba ikiwa imetoka yenyewe au imetolewa, ana haki ya kutibiwa, na huduma hiyo ipo kwenye vituo vya umma. Wapo wanaokufa kwa kujificha ndani wakiogopa maswali. Mwambieni binti, shangazi na mama mwenye nyumba: kwanza hospitali.

Serikali mpya iliyo mbali

Tusiitazame Dodoma peke yake. Tarehe 24 Januari 2025, siku nne baada ya kuapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani aliirejesha sera iliyoanzishwa na Ronald Reagan mwaka 1984, inayoyanyima msaada mashirika ya nje yanayotoa huduma au hata ushauri wa kutoa mimba. Mwaka huohuo shirika la USAID likavunjwa. Ilipofika Julai ikajulikana kwamba dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vyenye thamani ya dola milioni 9.7, vilivyokuwa ghalani Ubelgiji, vimepangiwa kuchomwa moto. Sehemu kubwa ilikuwa ya nchi za Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizotarajia kupokea vijiti na sindano hizo.

Hatuna kura Washington. Tunayo kwa diwani na mbunge, na hapo ndipo swali liende: dawa zilizokuwa zikinunuliwa na wafadhili, sasa zinanunuliwa kwa fedha ya nani? Kwenye bajeti ya Wizara ya Afya zimetengewa kiasi gani, na kilichotolewa hasa ni kiasi gani? Kutenga na kutoa ni mambo mawili. Pia ulizeni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itamhudumia vipi mjamzito asiye na uwezo wa kulipia kadi, ili msamaha aliokuwa nao kwa sera usipotelee kwenye mfumo mpya bila mtu kusema.

Jilindeni

Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulitufundisha hofu. Watu walipoteza maisha, intaneti ilizimwa, na wapo wanaoona heri kunyamaza kabisa. Sitamwambia mtu ajifanye shujaa. Nasema kazi niliyoieleza hapa karibu yote hufanyika ndani ya vikao ambavyo serikali yenyewe imeviweka. Mkutano wa mtaa huitwa na mwenyekiti, na barua ya kuomba taarifa ni haki ya raia. Mkitaka mkusanyiko wa hadhara, sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Itoeni, na chukueni nakala yenye mhuri. Fanyeni kazi kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, msimuache mtu mmoja awe sura ya jambo lote. Msichanganye hoja ya dawa na kampeni ya chama chochote, maana siku chama kikishindwa hoja itazikwa nacho.

Na mlinde mwenye siri. Msipige picha leba. Kadi ya kliniki ya mtu isiingie kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mji wetu ni mdogo: ukisema dada mmoja wa Mtanda mwenye mapacha, umeshamtaja.

Kikao cha kwanza na diwani wenu msikifanye kirefu. Mpeni jambo moja, kiasi chake, na mwezi ambao kamati ya kituo inakaa. Mwambieni mtarudi baada ya robo mwaka, kisha mrudi kweli, na daftari. Jibu lolote litakalotoka, la ndiyo au la hapana, liwekeni kwenye faili pamoja na barua zenye mihuri, na watu wawili wajue lilipo ili lisipotee mmoja akihama. Uchaguzi mkuu ujao ni 2030. Atakayekuja Mtanda kuomba kura asomewe faili hilo kwanza, kuanzia barua ya kwanza, kabla hajapewa kipaza sauti.